Misuli Iliyosahauliwa: Matayarisho ya Marathoni kwa Watu wa Umri wa Makamo

Mtu wa miaka 45 anapoanza kujitayarisha kwa mbio za kilomita 42.195, yeye na jamaa zake huuhofia moyo. Hofu hiyo ina msingi, na kupimwa shinikizo la damu na sukari kabla ya kuanza ni jambo la lazima. Hata hivyo, wengi wanaokatisha matayarisho njiani hawakatishwi na moyo. Hukatishwa na goti linalouma upande wa nje kila wafikapo kilomita ya nane, na kisigino kinachochoma asubuhi wanaposhuka kitandani, au na kano ya nyuma ya kisigino iliyovimba na kukakamaa. Majeraha haya hayaji kwa ghafla. Ni deni la misuli ambayo kwa miaka ishirini haikupewa kazi yoyote nzito, kisha ikadaiwa yote ndani ya miezi mitatu.

Hasara yake haiishii katika mbio. Wengi wa umri huu huanza kukimbia kwa sababu uzito umeongezeka, shinikizo la damu limepanda au sukari imeanza kukaribia mpaka. Akiumia na kuacha kabisa, hurudi kwenye kiti chake cha ofisini, na vipimo vyake hurudi vilikotoka. Kwa hiyo swali la namna ya kumkinga mkimbiaji wa makamo na majeraha ni swali la kliniki ya shinikizo la damu na kisukari sawasawa na lilivyo la wanamichezo.

Tanzania ina mfano mashuhuri wa mkimbiaji aliyeumia. Katika Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968, John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti, akaendelea mpaka mstari wa mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Ushujaa wake unastahili heshima yote uliyopewa. Lakini Akhwari alikuwa mwanariadha wa taifa aliyeumizwa na ajali ya siku ile. Karani au mwalimu mwenye goti linalouma tangu wiki ya tano ya mazoezi hapaswi kuuchukua mfano huo kuwa agizo.

Hesabu rahisi huonyesha ukubwa wa kazi. Mkimbiaji wa mwendo wa pole ambaye hatua yake ina urefu wa mita moja hupiga hatua 42,000 hivi katika marathoni moja, yaani 21,000 kwa kila mguu. Kila mguu unapotua, ardhi huusukuma kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Katika kila mtuo huo mtu amesimama kwa mguu mmoja tu. Kukimbia ni kuruka kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na hakuna wakati miguu yote miwili inaposaidiana kubeba mzigo. Msuli usioweza kuushika mwili juu ya mguu mmoja utaonyesha udhaifu wake mara 21,000.

Kinachopungua baada ya miaka 40

Kuanzia takribani miaka 30, mwili wa binadamu hupoteza misuli kidogo kidogo. Makadirio yanayotumiwa sana hutaja asilimia 3 hadi 8 kwa kila muongo, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Nguvu hupungua haraka kuliko ukubwa wa msuli wenyewe, kwa hiyo paja linaweza kuonekana nene kama zamani na bado likawa dhaifu. Nyuzi zinazodhoofika zaidi ni zile za kasi, ambazo hutumika katika kuruka, kupanda ngazi upesi na kujizuia mtu anapojikwaa. Mbio ndefu za mwendo wa pole hazizigusi sana nyuzi hizo. Ndiyo sababu mtu anaweza kukimbia kilomita 40 kwa wiki, akapunguza uzito na kuboresha pumzi yake, na bado akashindwa kuinuka kutoka kiti kifupi kwa mguu mmoja.

Kano nazo zina tabia yake. Moyo na damu hujibu mazoezi mapema: kiasi cha maji ya damu huanza kuongezeka ndani ya siku chache, na baada ya wiki kadhaa mlima uliokuwa ukimtoa mtu jasho humwona akipita huku anazungumza. Kano, ambayo hupata damu kidogo na hujijenga upya polepole, huhitaji miezi. Hapo ndipo mtego ulipo. Mnamo wiki ya sita au ya nane mkimbiaji hujiona mwepesi, huongeza umbali, na mapafu yake hukubali. Kano ya kisigino bado iko wiki ya pili.

Kisukari huongeza ugumu, kwa kuwa sukari nyingi katika damu hujishikiza kwenye nyuzi za kano na kuzifanya ngumu na zisizonyumbulika. Kwa wanawake, ukomo wa hedhi huleta jambo jingine: homoni ya estrojeni inaposhuka, mifupa hupungua uzito na urekebishaji wa misuli na kano hupoa. Hakuna kati ya haya linalokataza kukimbia. Yote huelekeza kwamba mkimbiaji wa makamo anahitaji mazoezi ya nguvu kuliko kijana.

Nyonga

Kwenye upande wa nje wa nyonga, chini kidogo ya mahali mkanda wa suruali unapokaa, upo msuli wa kati wa makalio. Watu wachache huujua, kwa sababu hauonekani kwenye kioo na hauumi baada ya kazi za kila siku. Kazi yake ni moja na haina mbadala: mtu akisimama kwa mguu mmoja, msuli huu wa upande uliosimama hulivuta fupanyonga lisizame upande wa pili. Daktari mpasuaji wa Ujerumani, Friedrich Trendelenburg, alieleza dalili ya kuzama huko mwaka 1895, na hadi leo kipimo hicho hubeba jina lake. Kinahitaji sekunde 30 na macho ya mhudumu aliyesimama nyuma ya mgonjwa.

Kukaa kwa saa nane ofisini, au nyuma ya usukani wa daladala, huuacha msuli huu bila kazi. Kukimbia nako hakuujengi vya kutosha, kwa kuwa mwendo wa mbio ni wa mbele na mwili una ujanja wa kukwepa: ukikosa nguvu pembeni, huinamisha kiwiliwili au huliacha goti lielekee ndani. Goti likielekea ndani kwa maelfu ya hatua, utepe mgumu unaotoka nyonga hadi chini ya goti kwa upande wa nje hubanwa dhidi ya mfupa, na maumivu hutokea mahali ambapo kosa halikuwepo. Mgonjwa huonyesha goti kwa kidole. Anayelipima goti pekee hatakuta kitu.

Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwachunguza wakimbiaji 24 wenye maumivu ya namna hiyo. Waliukuta upande ulioumia ukiwa na nyonga dhaifu kuliko upande mzima. Baada ya wiki 6 za kuimarisha nyonga, 22 kati yao walirudi kukimbia bila maumivu. Utafiti ule haukuwa na kundi la wagonjwa wasiopewa mazoezi hayo la kulinganisha matibabu, na inawezekana kwa baadhi yao maumivu ndiyo yaliyotangulia na udhaifu ukafuata. Kwa mgonjwa aliye mbele ya mhudumu, hata hivyo, tofauti hiyo haibadilishi matibabu.

Shavu la mguu na unyayo

Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa. Ule wa nje, wenye vichwa viwili, ndio unaoonekana. Ule wa ndani, unaoitwa soleasi, hauvuki goti, umelala chini ya mwenzake, na ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kumsukuma mkimbiaji mbele. Vipimo vya maabara hukadiria kwamba wakati wa kukimbia soleasi hubeba nguvu ya mara sita hadi nane ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 75, hizo ni zaidi ya kilo 450 kwa hatua moja. Na ni katika kifundo cha mguu ndipo uzee wa mkimbiaji hujitokeza kwanza: watu wa makamo husukuma ardhi kwa udhaifu zaidi kuliko vijana, hatua hufupika, na majeraha ya shavu na kano ya kisigino huwa mengi kati yao.

Zoezi la kuinua visigino kwa miguu iliyonyooka, ambalo vikundi vingi vya mazoezi ya asubuhi hulifanya kwa kuhesabu pamoja, huugusa zaidi msuli wa nje. Ili soleasi ifanye kazi yenyewe, goti lazima likunjwe.

Ushahidi wa thamani ya mzigo mzito katika eneo hili umetoka Sweden. Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson na wenzake walitoa matokeo ya wanamichezo wa kujifurahisha 15, wenye wastani wa umri wa miaka 44, ambao kano zao za kisigino ziliuma kwa muda mrefu kiasi cha kukaribia kupasuliwa. Walisimama kwenye ukingo wa ngazi na kushusha kisigino polepole chini ya usawa wa ngazi, mara 15 kwa seti 3 goti likiwa limenyooka, kisha seti 3 goti likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, kila siku kwa wiki 12. Walipozoea waliongeza mzigo kwenye begi la mgongoni. Wote 15 walirudi kukimbia. Utaratibu huo umepunguzwa ukali na wataalamu waliofuata, lakini fundisho lake limebaki: kano iliyochoka haiponi kwa mapumziko peke yake, hupona kwa kubebeshwa mzigo kwa kipimo.

Unyayo una misuli midogo inayoshikilia tao lake. Viatu vyenye soli nene huisaidia sana hata ikasahau kazi. Nchini Brazil, watafiti wa São Paulo waliwafuatilia wakimbiaji 118 kwa mwaka mmoja na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020: wale ambao hawakufanya mazoezi ya unyayo walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 2.42 ya wale walioyafanya.

Misuli ya nyuma ya paja na ya kiwiliwili inahitaji kutajwa kwa ufupi tu, kwa kuwa makocha wengi huikumbuka. Misuli ya mbele ya paja ina jambo moja la kuzingatiwa na wanaokusudia mbio za Kilimanjaro, zinazofanyika Moshi tangu 2003. Njia yake hupanda kuelekea Mweka, kisha hushuka. Wengi huogopa kupanda. Mteremko ndio unaoyararua mapaja, kwa sababu msuli hulazimika kurefuka huku ukijikaza ili kumzuia mtu asiporomoke.

Mazoezi yaliyofaulu na yaliyoshindwa

Mtu angeweza kudhani kwamba mazoezi yoyote ya nguvu yatamkinga. Sivyo. Jijini New York, wakimbiaji 720 waliojiandaa kwa marathoni yao ya kwanza waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa mazoezi ya dakika 10, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12, ya kufanya wenyewe nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba walioshindwa kumaliza mbio kwa sababu ya majeraha walikuwa asilimia 7.1 katika kundi la mazoezi na asilimia 7.3 katika kundi jingine. Hakuna tofauti ya kuzungumzia.

Watafiti wa Finland walipata matokeo tofauti, yaliyochapishwa mwaka 2024. Wakimbiaji wapya 325 waligawanywa makundi matatu kwa wiki 24. Walioimarisha nyonga na kiwiliwili, wakisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia mara moja kwa wiki, walipata majeraha machache kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha. Waliofanya mazoezi ya kifundo na unyayo hawakupata nafuu hiyo, kinyume cha matokeo ya São Paulo. Kwa hiyo, mhudumu akilazimika kumpa mgonjwa mwenye muda mchache jambo moja tu, na liwe la nyonga.

Tofauti kati ya New York na Finland inaelezeka kwa urahisi. Wiki 24 ni mara mbili ya wiki 12, na jicho la msimamizi hurekebisha goti linaloelekea ndani, jambo ambalo karatasi ya maelekezo haiwezi kulifanya. Pia zoezi jepesi la dakika 10, lisiloongezewa mzigo, humwacha msuli ulipo.

Namna ya kuyafanya bila ukumbi wa mazoezi

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inawataka watu wazima wote wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kwa wiki, wawe wakimbiaji au la. Kwa anayelenga mbio za mwisho wa Februari, siku hizo mbili zianze Septemba au Oktoba, kabla umbali haujaongezeka. Inafaa zaidi kuyafanya siku ile ile ya kukimbia, baada ya mbio, ili siku ya mapumziko ibaki ya mapumziko.

Kwa nyonga, mtu husimama kwa mguu mmoja kwenye ngazi ya kimo cha sentimita 15 hadi 20 na kushuka polepole mpaka kisigino cha mguu wa pili kiguse ardhi, kisha hujiinua. Fupanyonga libaki sawa na goti lifuate uelekeo wa kidole cha pili cha mguu. Kioo au mwenza wa kuangalia ni muhimu kuliko idadi. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukikatwa na kufungwa kuzunguka miguu juu ya vifundo, hutosha kwa zoezi la kutembea kwa upande huku magoti yamekunjwa kidogo.

Kwa soleasi, mtu hukaa kwenye kiti, huweka dumu la lita 20 lililojaa maji juu ya paja karibu na goti, na kuinua kisigino cha mguu huo polepole, sekunde 3 kupanda na 3 kushuka. Dumu hilo ni kilo 20. Wasioliweza waanze na ndoo ya lita 10. Anayeliona jepesi baada ya wiki chache afanye kwa kusimama, goti likiwa limekunjwa, na begi lenye mchanga mgongoni. Kwa unyayo, kanga iliyokunjwa huwekwa chini ya vidole ili viinuke, kisha kisigino huinuliwa na kushushwa kwa mguu mmoja. Zoezi hilo huwafaa pia wenye maumivu ya kisigino cha asubuhi.

Seti 3 za mara 8 hadi 12 zinatosha, kwa sharti moja: mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Anayefika 12 huku akipiga soga aongeze mzigo. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika iwapo yametulia kufikia asubuhi inayofuata. Yakiongezeka asubuhi, mzigo ulikuwa mkubwa na upunguzwe, si kuachwa. Siku 10 hadi 14 kabla ya mbio, mzigo mzito husimamishwa.

Mgonjwa anapofika kituoni

Katika vituo vingi mkimbiaji mwenye maumivu huondoka na vidonge vya diklofenaki na ushauri wa kupumzika. Vidonge hupunguza maumivu bila kuongeza nguvu, na vikimezwa asubuhi ya mbio ndefu, mwili ukiwa umepungukiwa maji, huweza kuzidhuru figo. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye shinikizo la damu anayetumia dawa za kuongeza mkojo au zile za jamii ya enalaprili.

Vipimo viwili vinavyofanyika hata katika zahanati visikosekane. Cha kwanza ni kushuka ngazi kwa mguu mmoja, kama kilivyoelezwa. Cha pili ni kuhesabu mgonjwa anainua kisigino mara ngapi kwa mguu mmoja, vidole vya mkono vikigusa ukuta kwa ajili ya mizani tu. Asiyefika 20, au ambaye mguu mmoja umepitwa na mwenzake kwa mbali, amepata jibu la kwa nini anaumia na kipimo cha maendeleo yake. Hapaswi kurudi kwenye umbali mrefu mpaka miguu ikaribiane.

Historia ya dawa nayo iulizwe. Siprofloksasini, inayoandikwa na kununuliwa kwa wingi kwa homa ya matumbo na maambukizi ya mkojo, ina hatari inayojulikana ya kudhuru kano, hasa ya kisigino. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali mwaka 2008. Hatari huongezeka kwa waliozidi miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za steroidi. Mkimbiaji anayeitumia asimamishe mbio na mzigo mzito, na kano ikianza kuuma aeleze mara moja ili dawa ibadilishwe.

Zipo dalili ambazo hazihusu kuimarisha misuli hata kidogo. Shavu la mguu mmoja lililovimba, lenye joto na linalouma bila jeraha lifikiriwe kuwa damu iliyoganda mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aliyehisi kama kupigwa teke nyuma ya kisigino alazwe kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, na shavu libanwe kwa mkono: unyayo usipojongea, kano imekatika na rufaa ni ya siku hiyo hiyo. Maumivu ya muundi yanayoonyeshwa kwa ncha ya kidole, yanayouma hata usiku, huashiria mfupa ulioanza kupata ufa. Hatari kuliko yote ni maumivu ya kinena yanayozidi kila mguu unapotua, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi, kwa kuwa ufa unaweza kuwa kwenye shingo ya fupa la paja na kuvunjika kabisa. Huyo hupewa magongo na kupelekwa hospitali, asikanyagie mguu huo. Picha ya kwanza ya eksirei ikionekana safi haimruhusu kurudi barabarani, kwani ufa wa namna hiyo mara nyingi hauonekani katika wiki za mwanzo.